Watu wa Moloto

Filister Aoko hakujua kukaa. Nasema hivi kwa sababu mimi, Cephas, kazi yangu ni kukaa. Nashona nguo kwenye baraza ya duka hapa Rusinga, karibu na pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, na fundi akishainamia cherehani kutwa nzima, dunia yake inakuwa ni wale wanaopita mbele yake. Filister alipita kuliko wote. Asubuhi anapita na kikapu kitupu, adhuhuri anapita nacho kimejaa ngege, samaki wa ziwa letu, waliokaushwa, na akisimama kunisalimu, mguu mmoja umeshatangulia. Nikimpa kigoda anakiwekea mkono, anakizunguka, ananiuliza habari za nyumbani, kisha anaondoka kabla sijamaliza kujibu. Iliniudhi sana. Habari za nyumbani kwangu si fupi hivyo.

Aliwahi kuolewa Kanyada, hakukaa. Akarudi kwa mama yake bila mtoto, mama yake akafa, na ile nyumba akawa analala ndani yake kama mgeni anayengoja kupambazuke. Kazi aliyojichagulia ilimfaa: kununua samaki kwa wavuvi wetu, kuvuka nao hadi Mbita, kutoka hapo mashua hadi Homa Bay, kisha basi hadi Migori, na mwisho kabisa Isebania, mpakani, ambako Wakuria na watu wa Sirare, upande wa Tanzania, walipenda samaki mkavu. Anauza, anageuka, anarudi. Wanawake wengine wa samaki waliishia Homa Bay. Yeye alisema Homa Bay ni karibu mno, mtu hata hajapata nafasi ya kufikiri ameshafika.

Huko Isebania ndiko alikokutana na Moloto.

Sokoni pale palikuwa na Mkuria mmoja mrefu, mwenye sauti ya chini, jina lake Mirumbe. Aliuza karatasi kuukuu za kufungia bidhaa: magazeti ya Nairobi na ya Dar es Salaam, mifuko ya simenti iliyokung'utwa, na chochote madereva wa malori walichomwachia. Siku moja mwaka wa 1967 Filister alikuwa akimfungia mteja samaki, akaona karatasi iliyo mkononi mwake ina picha. Hazikuwa za kuchorwa. Zilikuwa picha za kamera, zimepangwa moja baada ya nyingine, na kila mtu maneno yake yamefungiwa kwenye duara jeupe juu ya kichwa chake. Mwanamume mweusi, kofia imeinamia jicho, koti refu mpaka magotini, alikuwa akimtandika ngumi mtu mnene kwenye ngazi. Filister alisoma kwa wamisheni mpaka darasa la nane na Kiingereza alikijua. Akaanza kusoma huku samaki wa watu wako wazi. Mteja akagomba, akaenda zake, na Filister akalivunja fungu zima la Mirumbe kutafuta kurasa zilizobaki.

Basi hivyo ndivyo Duke Moloto, mpelelezi, alivyofika Rusinga, ananuka ngege.

Jumamosi, siku ya Sabato, tulikwenda kanisani. Jumapili tulikuwa na Moloto. Watu walikaa chini mbele ya baraza yangu, wavuvi, wake zao, wazee waliojifanya wamepita tu, na Filister akawasomea. Kusema kweli hakusoma, alitembea. Gazeti alilishika juu ili watu waone picha, akaenda kushoto kuwa Moloto, akarudi kulia kuwa jambazi, na yote kwa Kijaluo. Moloto wake aliongea kama mtu wa Mbita. Aliwatukana wezi wa benki vile wavuvi wetu wanavyomtukana mtu aliyekata wavu wa mwenzake. Alikuwa na mpenzi, msichana mwembamba wa mjini mwenye viatu virefu, ambaye Filister alimwita Nyar Alego, binti wa Alego, maana alisema uso wake ni wa watu wa huko. Mimi mara nyingine niliichungulia ile karatasi kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikaona duara jeupe lina maneno manne, na Filister ameshaongea mpaka kahawa imepoa.

Nilimwuliza mara moja, "Ni nani anayeandika haya mambo?"

Alipekua gazeti lote. Kulikuwa na jina la mpiga chapa, na anwani ya mji wa mbali. Jina la mwandishi halikuwemo.

"Hakuna," akasema. "Labda wanaona haya."

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu najua vijana wa leo watacheka. Ndiyo, sisi tulidhani Moloto yuko. Kwa nini tusidhani? Hadithi za sungura na fisi tulizijua tangu utotoni, na tulijua ni hadithi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuletea picha ya fisi amevaa suruali. Lakini huyu alipigwa picha. Kivuli chake kilionekana ukutani. Tuliona picha ya waziri gazetini akifungua daraja, tukaambiwa ni kweli. Sasa Moloto amesimama juu ya daraja lake mwenyewe, tuambiwe ni uongo? Aliyetaka tutofautishe angetuambia mapema.

Na daraja ndilo lililoleta mambo yote. Magazeti yale yalikuja kwa Mirumbe jinsi malori yalivyopenda, mengine yamechanika, mengine hayakuja kabisa. Toleo moja liliisha Moloto akiwa ananing'inia kwa vidole kwenye ukingo wa daraja, chini maji meusi, na jambazi ameinua kiatu amkanyage. Toleo la kufuata halikufika. Filister alikwenda Isebania akarudi bure, akaenda tena akarudi bure. Huku kwetu watu hawakulala. Zadock, mvuvi mwenye mabega kama mlango, alikuwa akimngoja pale pale majini mtumbwi ukikaribia, anauliza kabla hata hajamsalimu: "Amepanda au ameanguka?"

Jumapili ya tatu mvua ilikuwa inakuja, Filister alitaka kuwahi mashua ya Homa Bay, na watu walimzunguka hawampi njia. Akachoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini yeye vidole vyake vilikuwa na haraka na ulimi vilevile.

"Ameanguka," akasema. "Maji yamemchukua."

Alidhani ataondoka. Lakini huwezi kuwaambia watu wa ziwa kwamba maji yamechukua mtu, kisha ukabeba kikapu. Zadock akauliza kama wametafuta kwa nyavu. Mwingine akauliza mkondo ulielekea wapi. Mama mmoja akaanza kulia. Na Phelesia, mama yake Zadock, bibi ambaye kijiji kizima tulimwita dani na tulimwogopa zaidi ya mchungaji, akasema kwa sauti kavu, "Wamempata? Maana mtu hawezi kuachwa majini." Filister akasema wamempata. "Wakamzika wapi? Huko huko mjini, kama mbwa?" Ikabidi Moloto arudishwe kwao. Ikabidi awe na kwao, mlima na mto, na mama aliyekuwa akipalilia alipoona gari likija polepole. Ikabidi Nyar Alego avue viatu vyake virefu aingie boma kwa miguu mitupu. Mvua ilinyesha, tukajazana barazani, na Filister akamzika Moloto mpaka mashua ikaondoka bila yeye. Hakuna ukurasa hata mmoja mkononi mwake. Nilimzika baba yangu mwenyewe, wala sikulia vile. Niliharibu kola ya shati la mtu.

Sasa sikiliza jambo lililofuata. Mke wa Zadock, Priscah, alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kwanza walimzika kabla hajaota meno, na tangu hapo Priscah alikuwa mtu wa maneno machache. Alijifungua wakati ule ule tukiwa bado tunamwomboleza Moloto. Mtoto wa kiume, mwenye afya, ila alilia. Alilia mchana, alilia kwenye ziwa la mama yake, alilia mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Kwetu mtoto akilia hivyo tunajua kuna mtu wa zamani anadai jina, na anaweza kuja ndotoni kulidai. Dani Phelesia akaketi na mtoto, akawaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, babu, nyanya, shangazi aliyefia Kisumu. Mtoto alilia. Kisha asubuhi moja Priscah akaamka, akasema ameota, aliyekuja ni Moloto. Dani akamtazama. Lakini mtoto alikuwa analia, na anayezama hachagui ubao wa kushika. Akamwinamia mtoto: "Moloto?"

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza, akatafuta ziwa, akanyonya, akalala. Kanisani aliombewa kwa jina la Elkanah. Nyumbani akawa Moloto.

Dani alikubali, lakini alitoa neno lake hadharani, na kila mtu alilisikia. "Amekufa, amezikwa kwao, ameliliwa. Basi jina ni lake kulitoa. Ila angekuwa hai nisingekubali. Jina la namna hii ukimpa mtoto na mwenyewe bado anapumua, mmoja wao atampisha mwenzake."

Unaona tulipofika. Na unaweza kukisia Mirumbe alikuwa na nini chini ya meza yake.

Filister alinisimulia baadaye. Alifika Isebania, Mirumbe akatabasamu, akatoa magazeti mawili.

"Dada, nimekuwekea. Hii ilikuwa imepotea kwa dereva, na hii ni mpya. Rafiki yako ako mzima."

"Rafiki gani?"

"Huyu wa kofia. Alianguka kwa maji, akashika mizizi, akapanda. Mimi kusoma sijui, lakini macho iko."

Filister akaona kwa macho yake. Moloto amelowa, koti limemganda mwilini, anapanda ukingo wa mto huku anacheka. Miguu yake, ambayo haikuwahi kumkatalia safari, ikamkatalia. Akashika meza. Mirumbe akamletea maji ya kunywa, akidhani ni jua.

Aliporudi Rusinga alikuja moja kwa moja barazani kwangu. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kumwambia, na mimi nilikuwepo tu, kama kawaida.

"Cephas, hajafa."

"Nani?"

Akanionyesha. Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Mwambie Priscah," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba nilitaka kuwahi mashua?" Alikuwa anaenda mpaka kwenye nguzo na kurudi. "Dani atalivua jina lile siku hiyo hiyo. Mtoto ataanza kulia tena. Na akiugua, hata mafua tu, Priscah atajua ni kwa nini. Ameshazika mmoja, Cephas."

 Ilinitia hofu, nasema wazi, na mimi si mtu wa hofu. Kutoka pale nilipokaa niliiona nyumba ya Zadock, na Priscah mlangoni, mtoto mgongoni, anatwanga huku anaimba. Hatukuwa tumemsikia akiimba tangu lile kaburi dogo.

Basi Filister akaamua kwamba Moloto abaki amekufa. Kama mwenyewe hataki kufa, atamwua kila mwezi. Alimwambia Mirumbe amwekee kila gazeti la mtu yule, asimwuzie mwingine. Aliwasumbua makondakta kwenye stendi ya Migori. Huko Homa Bay aliingia maduka ya Wahindi kuangalia kama kuna toleo limetundikwa mlangoni, na akiliona analinunua na kulikunja dogo kabisa. Yote aliyapeleka kwenye moto wa kukaushia samaki. Miezi ile ngege wetu walikaushwa kwa Moloto, na wateja hawakulalamika. Lakini yeye alikonda. Alikuwa akisafiri zamani kwa sababu anapenda. Sasa alisafiri kwa sababu anafukuzwa. Akiwa Isebania anawaza labda kuna mtu amefika Rusinga na gazeti. Akiwa Rusinga anawaza lori gani limetua Isebania. Mtu akivuka kutoka Mbita na karatasi kwapani, Filister yuko majini hadi magotini anamsaidia mzigo. Kwenda mbio si kufika, nilimwambia. Akaniambia nishone.

Na Jumapili zikawa tupu. Aliwaambia watu magazeti yamekwisha, Moloto akishakufa waandike nini tena? Watu walikaa mbele ya baraza yangu kwa mazoea, wakitazamana, kisha wakaanza kusengenyana. Kijiji bila hadithi hugeukia majirani.

Kitu kimoja Filister hakukiona, na nani angekiona. Mirumbe alikuwa mtu mwema. Mteja wake anachukua kila gazeti, hakosi, na uso wake kila mara una njaa. Mirumbe akawaza: watu wa kisiwa kile lazima wanapenda kusoma kuliko watu wote wa Kenya, na huyu dada anachoka peke yake barabarani. Ngoja nimsaidie.

Akafunga furushi lake na kuja.

Ilikuwa Jumapili. Niliona mtumbwi, nikaona mtu mrefu ndani yake amekaa wima kabisa, ameshika kingo zote mbili kama mtu ambaye ng'ombe amewazoea kuliko maji. Filister alikuwa pale anahesabu samaki wa Zadock. Alipomtambua, samaki walianguka. Akakimbia kwenye maji, lakini watu kumi walishamtangulia, kwa kuwa mgeni wa kisiwani ni mali ya wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, nadhani hawakuwa wamemjua Mirumbe.

"Hamjambo, wazee. Hamjambo, mama zangu," Mirumbe akaamkia kwa Kiswahili, anafurahi ardhi iko chini yake. "Nimeletea nyinyi vitabu. Dada huyu amehangaika sana."

Akaweka furushi mbele ya baraza yangu, akakata kamba. Na juu kabisa, jipya, halina hata kunjo, ndilo hilo toleo. Moloto. Kofia imeinamia jicho, koti lile lile, bastola mkononi, amekaa nusu kwenye meza yake, na nyuma yake Nyar Alego amemwekea mkono begani.

 Nilisikia uzi ukikatika kwenye cherehani yangu, maana mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga wenyewe.

Dani Phelesia alipewa njia. Akainama polepole, mkono kiunoni, akaitazama picha. Kisha akainua macho.

"Filister. Huyu ni nani?"

Filister alifungua mdomo. Miguu yake ilikuwa inasogea, kidogo kidogo, kuelekea majini, nikadhani sasa anaondoka na safari hii harudi. Na Mirumbe, mtu mwema, akatabasamu kumsaidia: "Mama, huyu si ndiye yule..."

"Ndugu yangu," nikamkatiza kwa sauti ambayo sikuijua, "suruali yako imepasuka nyuma."

Haikuwa imepasuka. Lakini mwanamume yeyote akiambiwa hivyo mbele ya wanawake, mikono yote miwili inakwenda nyuma. Nikamvuta barazani na tepu yangu ya kupimia, nikamzungushia kiunoni, nikambana.

Lakini swali lilikuwa bado limesimama pale, na dani haliondoi swali lake. Watu wote walimtazama Filister. Aliyejibu ni Priscah.

Alikuwa amesimama pembeni, mtoto kiunoni, mnene, ana meno mawili, anaunyonya ushanga wa mama yake. Akaja mbele, akaitazama picha kwa muda, kisha akasema bila kuinua sauti, "Ni ndugu yake, mama. Si unaona amevaa koti lake?"

Dani akainama tena. Sote tukainama. Na mara tukaona. Koti lilikuwa la marehemu, nani asiyelijua? Kofia ya marehemu. Amekaa kwenye meza ya marehemu. Na mjane amemwekea mkono begani, bila kulia, kama mwanamke ambaye mambo yake yameshakalishwa na wazee.

"Ndiyo," akasema dani mwishoni, taratibu. "Amerithi nyumba. Ndivyo inavyotakiwa." Akamgeukia Filister. "Mbona hukutuambia ana ndugu?"

"Alikuwa safarini, dani," Filister akasema.  "Mazishi hakuyawahi."

"Anaitwa nani?"

"Maurice."

"Wamefanana sana," akasema Zadock.

"Baba mmoja, mama mmoja," akajibu dani, na hilo likamalizika. Watu wakaanza kuongea wote pamoja, ikiwa Maurice naye anajua kupigana, ikiwa atawasaka waliomwua kaka yake, na kwamba Nyar Alego amefanya vizuri kukubali. Zadock akamchukua Mirumbe kwenda kunywa uji. Mirumbe alikwenda, mkono mmoja bado nyuma, akinitazama vibaya.

Walipotawanyika, wakabaki Filister na Priscah mbele ya baraza. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano kwa muda mrefu sana.

"Pole," Filister akasema. Kisha akaongea haraka, huku anaenda na kurudi, daraja, mvua, mashua, mizizi, moto wa samaki. "Nilidanganya, Priscah. Huyo hana ndugu. Ndiye yeye. Hajawahi kufa hata siku moja."

"Nimesoma mpaka darasa la tatu," Priscah akasema. "Jina lake limeandikwa hapo juu kwa herufi kubwa."

Filister akasimama.

"Na huogopi?"

Priscah alimhamisha mtoto kutoka kiuno kimoja kwenda kingine. "Niliogopa, nilipoliona furushi likifunguliwa. Halafu nikamtazama vizuri. Yule aliyenijia ndotoni hakuwa huyu, Filister. Hakuwa na kofia wala koti. Sura sikuiona sawasawa. Aliingia mlangoni nikampa kigoda, akakiwekea mkono, akakizunguka, akaniuliza habari za nyumbani. Aliongea Kijaluo, kwa sauti yako."

Sindano yangu ilianguka. Sikuiokota.

"Huyu wa gazeti simjui," Priscah akaendelea. "Aishi na mwenye kumwandika. Wetu alikufa. Ulimzika hapa hapa, na mimi nililia mpaka tumbo likaniuma. Sikuombi chochote ila usimfufue."

"Sitamfufua."

"Na kuna jambo lingine." Sasa sauti yake ilikuwa na lawama, na ilinishangaza, maana huyu alikuwa Priscah wa maneno machache. "Mtoto wa dada yangu amepewa jina la mzee wa Kamasengre. Watu wa yule mzee huja kumwona. Wanamletea kuku, wanambeba, wanamwambia wajina wake alikuwa mtu wa namna gani. Huyu wangu ameota meno na hakuna aliyekuja. Kila siku natazama njia. Moloto alikuwa mtu mkubwa hivyo, hana watu?"

 Filister alitazama majini, ambako mtumbwi wa Mbita ulikuwa unasukumwa, na mwenye mtumbwi alishamwinulia mkono, kwa kuwa siku ile ilikuwa siku yake ya kusafiri na samaki wake walishapakiwa. Niliiona miguu yake. Mmoja ulishatangulia.

"Watu wake ni nani?" Priscah akauliza tena, na akamnyooshea mtoto.

Mtoto mzito yule hashikwi ukiwa umesimama. Filister akampokea, akayumba, akatafuta kwa mkono nyuma yake, akakipata kigoda changu. Akakaa.

Alikaa na magoti pamoja, wima, kama mtu anayejaribu kiti dukani. Mtoto akamtazama, akashika pua yake. Mwenye mtumbwi akaita. Akaita tena. Kisha akaita mara ya mwisho, akaondoka na samaki wake wote, na Filister hakugeuka, kwa kuwa alishaanza kumwambia mtoto jinsi wajina wake alivyompiga mtu mnene kwenye ngazi.